Mwalimu Osing, Aliyetaka Darasa Zima Liende Ziara

Eufrosina Magbanua Sumagaysay, Osing kwetu nyumbani, alizaliwa hapa Bugasong, mkoani Antique, Ufilipino, tarehe 11 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mama mfumaji na baba mkulima wa mpunga. Mimi ni mdogo wake, Rustica. Nasoma haya nikiwa na hasira, Padri atanisamehe.

Alisoma hapa hapa, kisha chuo cha ualimu San Jose, akahitimu 1972. Akiwa bado chuoni, darasa lake lilipokwenda mji wa Iloilo kwa ziara ya masomo, yeye alibaki kwa kukosa nauli. Kama ilivyo desturi kwa wanaobaki, aliamriwa aandike kurasa tano kuhusu makumbusho ambayo hakuyaona. Akawapita kwa alama wote waliokwenda. Tulicheka sana, yeye hakuwahi kucheka.

Alifundisha darasa la sita miaka thelathini na tisa. Mei 1977 aliolewa na Delfin, dereva wa jipni ya abiria. Alipoposwa alikuwa akisahihisha mitihani, akamwambia, “Ngoja kwanza nimalize rundo hili.” Delfin akangoja, kalamu nyekundu ya akiba mkononi.

Baada ya kustaafu 2011 aliushawishi ushirika wetu wa wafumaji na wakulima upokee wanafunzi wa darasa la sita kwa ziara ya masomo: walale kwa wanachama, wale wali na samaki wetu, wajifunze kufuma na kupanda, na asiye na uwezo alipiwe na ushirika. Kilikosekana kibali tu. Aliomba mara sita katika ofisi moja ya mkoani. Leo hakuna mhuri, kesho inangojewa sahihi ya mkubwa aliye kwenye semina.

“Mama, rudi Jumatatu,” karani alimwambia.

“Jumatatu ipi, mwanangu? Zangu zinakwisha.”

Alikuwa anasema kweli. Figo zilianza kumsumbua 2016, na fomu mbili za mwisho alizijaza akisafishwa damu. Alifariki tarehe 3 Oktoba 2019, akiwa na miaka sitini na minane.

Siku ya nne ya kumkesha nyumbani barua ikaja. Kibali kimetoka, mwombaji afike mwenyewe kutia sahihi. Shemeji Delfin aliisoma kando ya jeneza.

“Mwambieni karani mwombaji yuko hapa sebuleni,” alisema. “Safari hii aje yeye.”

Ameacha mume, watoto wawili, Nenita na Gaudioso, wajukuu watano, mimi, na wanafunzi arobaini na mmoja wa darasa la sita mwaka huu ambao bado wanaingoja ziara yao. Mungu ampumzishe kwa amani. Sisi wengine tusipumzike. Kuna kibali cha kwenda kudai, na sahihi ya kutia kwa niaba yake.