Bi Rumaitha wa Pujini na Gitaa Alilolikata kwa Msumeno

Wasifu ulioandikwa na kusomwa na mdogo wake, Hamzah Humoud, katika hitima ya marehemu, Pujini, Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyemleta dada yetu kwetu na aliyemchukua alipotaka. Nanyi mliotoka Chokocho, Wete, Unguja na Tanga kuja kumsomea, Mungu awalipe hatua zenu.

Marehemu Bi Rumaitha binti Humoud bin Nassor alizaliwa hapa Pujini tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa pili wa Mzee Humoud Nassor, mkulima wa karafuu, na Bi Zulekha Hamdan. Tangu mdogo alikuwa na tabia ya kufungua vitu. Saa ya ukutani ya marehemu baba aliifungua akiwa na miaka minane, akairudisha yote, ikabaki skrubu moja mkononi. Aliificha chini ya ulimi baba alipoingia. Baba alimsalimia, akamwona anaitikia kwa kichwa, akamwambia ateme alichonacho. Saa iliendelea kwenda bila ile skrubu, na baba akasema labda ilikuwa ya ziada.

Alisoma chuo cha Kurani kwa Maalim Ridha na kuhitimu akiwa na miaka kumi. Darasani alipenda hesabu na sayansi. Alimaliza kidato cha nne Chake Chake mwaka 1975, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika ofisi ya simu hapo hapo mjini. Kazi yake ilikuwa kuunganisha wapigaji, lakini muda wa mapumziko alikuwa akikaa nyuma ya mtambo na fundi, akimtazama anavyolehemu nyaya. Haukupita mwaka mzima, yule fundi akawa anamwachia kazi ndogo ndogo. Waya mwembamba kama unywele hakuna aliyeweza kuushika kama yeye, kwa sababu mikono ilishazoea sindano ya kushonea kofia.

Mwaka 1979 alikwenda harusini Chake Chake. Kikundi cha taarabu kilichopiga kilikuwa na gitaa la umeme lililokuwa likinguruma kuliko mwimbaji. Watu walivumilia. Rumaitha hakuvumilia, akamtuma binamu yake Asya kwa mpiga gitaa na maneno haya: "Mwambie waya wake wa ardhi umekatika, na akiendelea hivyo atapigwa na umeme." Asubuhi yake mpiga gitaa alifika ofisi ya simu na gitaa lake limefungwa kanga. Alikuwa Jecha Nyange, mkulima wa Chokocho.

Jecha alimweleza kwa fahari kwamba gitaa lile ni la Marekani. Ndivyo alivyoambiwa na wazee wa kikundi waliomwachia. Rumaitha hakubishana naye. Alilitazama kwanza tundu la kuchomekea waya, akaona lina vijitundu vitano kama la redio za Ulaya, si tundu moja la mviringo kama la magitaa ya Marekani. Akafungua skrubu za mgongoni, akaitoa shingo, na pale chini palikuwa na muhuri wa kiwanda cha Ujerumani Mashariki na tarehe ya kalamu ya risasi: Machi 1965. Magitaa ya aina ile yaliletwa visiwani na Wajerumani waliokuja kufanya kazi miaka ile.

"Basi si la Marekani," alisema Jecha.

"Si la Marekani. Weye bado walitaka?"

"Nalitaka zaidi. Na weye nitakujia nyumbani kwenu na wazee wangu."

Waliozeshwa tarehe 18 Juni 1981. Baba alisita kidogo kumpa mpiga taarabu, na mimi niliyekuwa kijana mwenye maneno mengi nilisita zaidi. Rumaitha alituambia kwamba mwanamume aliyesahihishwa mbele ya watu wa ofisi nzima na asikasirike si rahisi kupatikana. Walijaliwa watoto wawili, Nahla na Abrahman.

Chumvi ya upepo wa bahari wa Chokocho ilipokula sumaku za gitaa la Jecha, zile zilizozungushiwa waya na kudaka sauti ya nyuzi, Rumaitha alizisuka upya kwa waya uliotoka kwenye kengele za simu mbovu. Alihesabu mizunguko kwa tasbihi, kila mia akisogeza punje moja. Habari zikaenea. Alipostaafu mwaka 2010 na kujenga banda la kazi hapa Pujini, magitaa ya zamani yalianza kumjia kutoka kila upande wa pwani: ya Kijapani, ya Kitaliano, ya Kicheki, mengine hayana hata jina. Wengine walimtumia picha kwa simu. Aliwajibu wote maneno yale yale: "Usinitumie uso, nitumie mgongo." Alisema uso wa gitaa unaweza kupakwa rangi na kubandikwa jina lolote, lakini skrubu, risasi ya kulehemu na mbao ya ndani hazijui kusema uongo. Wapo waliokuja na gitaa la Marekani wakarudi na la Kijapani, wakanuna. Hakuwahi kumbadilishia mtu jibu ili amfurahishe.

Na alikuwa na sheria moja. Gitaa la zamani halitobolewi wala halikatwi. Waya hubadilishwa, kutu husafishwa, lakini mbao huachwa kama alivyoiacha aliyeichonga. Bwana Haitham wa Mji Mkongwe, aliyekuwa akikusanya magitaa ya aina hiyo na kumwita mama, anakumbuka alivyofukuzwa bandani siku alipofika na gitaa alilolitoboa tundu jipya. Aliruhusiwa kurudi baada ya mwezi.

Tarehe 9 Februari 2014 Jecha alipata kiharusi. Alinusurika, lakini mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi shingoni, ulibaki mzito. Uliweza kupanda na kushuka, vidole havikubana kitu. Kwa miezi alikaa barazani bila kuzungumza sana. Mwezi wa Agosti akamwambia mkewe, "Mwite Haitham alichukue gitaa. Kwake litatunzwa." Haitham alikuwa akilitamani gitaa lile kwa miaka, kwa sababu mbao yake haikuwahi kuguswa. Alivuka na sanduku jipya la kulibebea.

Siku ile Haitham alikaa akalijaribu. Rumaitha hakuwa akimtazama yeye, alikuwa akimtazama mumewe. Jecha alikuwa ameshika bakora kwa mkono wa kulia, na vidole vya mkono ule, ambao maisha yake yote ulikuwa wa kupiga tu, vilikuwa vikibana ile bakora kimoja kimoja, vikifuata wimbo. Mwenyewe hana habari.

"Mwanangu, utanisamehe," Rumaitha alimwambia Haitham. "Gitaa haliendi."

Alimweleza alichokusudia: kuligeuza liwe la kushoto, mkono wa kulia ubane nyuzi na wa kushoto upige, kwa kipande cha plastiki kilichofungwa kwenye kidole gumba. Nyuzi zingegeuzwa, vitufe vya sauti vingehamishwa, na lile bega la mbao lililojaa, pale shingo inapoungana na mwili wa gitaa, lingekatwa ili mkono wa kulia ufikie sauti za juu.

Haitham akasema, "Mama, yamebaki mangapi ya hivi yasiyoguswa? Mwenyewe ulinifukuza kwa tundu moja."

"Nilikufukuza. Na nilikuwa na haki."

"Basi nunua jingine la kushoto. Nitakutafutia mie."

"Jingine hatalishika. Namjua."

Haitham ndiye aliyelishikilia gitaa lisitikisike. Rumaitha alichora mstari, akasoma bismillahi, akakata kwa msumeno. Aliniambia baadaye kwamba alilia, na kwamba hakulia kwa ajili ya Jecha, alilia kwa ajili ya gitaa. Alipomaliza kupiga msasa na vanishi, Haitham alimuuliza aandike nini kwenye daftari lake la magitaa ya zamani, kwa sababu sasa halikuwa la asili tena.

"Andika kweli. Limekatwa na Rumaitha Humoud, mwaka 2014, kwa ajili ya mumewe."

Jecha alijifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Kuna siku aliliweka chini akaapa halishiki tena, na mkewe akaendelea kukuna nazi kama hakusikia. Kwenye harusi ya Nahla, Desemba 2016, alipiga wimbo mmoja. Alikosea katikati, akasimama, akaanza tena mwanzo, na mara hiyo akaumaliza. Mimi, niliyesita mwaka 1981, nilikuwa nimekaa karibu yake kuliko watu wote. Jecha alifariki tarehe 22 Aprili 2019.

Marehemu alianza kuugua moyo mwaka 2023. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Alitibiwa Chake Chake, kisha Unguja, na alipoona safari zinamchosha aliomba arudishwe nyumbani. Kazi aliipunguza lakini hakuiacha. Nahla alimshikia taa, yeye akalehemu akiwa ameegemea mito. Jumatano tarehe 12 Novemba, baada ya sala ya alfajiri, alimwambia Nahla kwamba anataka kulala kidogo. Hakuamka. Tulimzika siku ile ile baada ya alasiri.

Ameacha watoto wawili, Nahla na Abrahman, wajukuu watano, mdogo wake Hamzah, na Haitham, aliyesimama kaburini pamoja na watoto. Bandani yamebaki magitaa manne ya watu, kila moja lina jina la mwenyewe. Tunawaomba waje kuyachukua kwa Nahla. La Bwana Abdisalaam wa Tanga halijafungwa nyuzi. Tunamwomba amsamehe fundi wake. Na yeyote ambaye marehemu alimwambia ukweli kuhusu gitaa lake ukamuuma, naye tunamwomba msamaha, ingawa marehemu mwenyewe asingeubadilisha ukweli ule.

Mola amrehemu Rumaitha, ampanulie kaburi lake, amkutanishe na Jecha wake, na ampe mapumziko yenye utulivu. Amin.