Lenzi ya Kuvuta Mbali

Asubuhi hiyo Nyangi alimpelekea shangazi yake dagaa kule Kitaji, akarudi kwenye bajaji moja na watu wawili asiowajua.

"Nilikuagiza lenzi pana ya kamera, Magesa," alisema dada mmoja, mzamiaji wa vizimba vya kufugia sato ziwani. "Umeleta ya kuvuta mbali."

"Dada Hilda, hii inaona mpaka ng'ambo."

"Ng'ambo kuna wavu wangu? Ziwa letu linakuwaga na tope. Na lenzi pana nasogea mpaka karibu kabisa, na tundu lote la wavu linatokea kwenye picha. Na hii yako nikisogea napata fundo moja, nikirudi nyuma napata maji ya kijani."

Magesa akasema hata kijani ni rangi nzuri. Nyangi akageukia barabarani asije akacheka.

"Samaki wametorokea kwenye tundu, kikundi chetu cha ufugaji kinasema nimewauza mimi. Kikao saa nane. Nikawaonyeshe rangi nzuri?"

"Muuzaji alisema ndefu ndiyo ya wataalamu."

"Yule anapigaga picha za harusi."

Hilda akamwandikia mwenyekiti wa kikundi: ahirisha kikao mpaka kesho, au njoo tuzame wote ujionee. Alama mbili zikageuka bluu: ameusoma. Bajaji ikasimama Mwigobero, Magesa akashuka, na Hilda bado alikuwa ameishika simu akisubiri jibu.