Swali la Jumamosi: Mama Mmari Afunga Mlango wa Bluu

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Bi Elieshi Mmari, Mshauri Mkuu wa Kituo cha Ushauri cha Mlango wa Bluu hapa Kingsbury, London, anastaafu rasmi tarehe 5 Aprili 2026. Siku hiyo aliichagua mwenyewe, kwa kuwa ndiyo siku ambayo mwaka wa kodi wa Uingereza unakwisha, na hakutaka kuacha mwaka wake ukiwa na mkia. Ilipobainika kuwa ni Jumapili ya Pasaka, alikataa kuisogeza. Ndiyo maana tunamuaga leo Alhamisi, huku mkataba wake ukiendelea kuhesabika mpaka Jumapili.

Mwaka jana wakati kama huu tarehe hiyo haikuwapo. Mama Mmari alikuwa ameshaamua kimyakimya kufanya kazi mpaka atimize miaka sabini, si kwa kupenda, bali kwa sababu pensheni aliyoiona mbele yake isingemtosha kulipia chumba chake. Sherehe hii nusura isifanyike. Imewezekana kwa swali moja, na swali hilo alilibuni yeye.

Alizaliwa Machame mwaka 1959, akafika London akiwa na shahada ya ualimu ambayo hakuna aliyeitaka. Alianza kwa kutunza wazee katika nyumba moja Wembley. Mwaka 1999 akajiunga na kituo chetu, ambacho wakati huo kilikuwa meza mbili juu ya duka la jalebi la Bwana Alnashir, mzaliwa wa Mwanza ambaye mpaka leo ni mwenyekiti wetu na mwenye nyumba wetu. Meza zimeongezeka. Harufu ya sukari inayoungua ni ileile.

Jina lake lilijengwa na somo ambalo wengi hulikimbia: bima ya taifa, ile tunayoiita NI, kwa watu walioajiriwa na papo hapo wamejiajiri. Mchango wa ajira hukatwa na mwajiri kabla mshahara haujakufikia. Mchango wa biashara yako ni juu yako mwenyewe. Michango hiyo ndiyo inayojenga miaka ya pensheni ya serikali, na mtu mwenye shughuli mbili hudhani kwamba ofisi itazijumlisha. Mama Mmari alikuwa akieleza kwa ndoo mbili zilizowekwa mvuani. Kila ndoo ina alama yake. Ofisi huchungulia moja, kisha nyingine. Haimimini ya huku ndani ya ile. Ndoo zote mbili zikiishia chini ya alama, mwaka wako haukuhesabiwa, hata kama ulichoka wiki nzima.

Lakini aligundua kwamba tatizo kubwa zaidi si sheria. Ni sisi. Ukimuuliza mtu wa kwetu anafanya kazi wapi, atakutajia mwajiri wake na kunyamaza. Muuguzi atasema yeye ni muuguzi, hatasema kwamba anasuka nywele sebuleni. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko ninavyohitaji. Nadhani tumelelewa kuamini kwamba heshima ya mtu iko kwenye jina la aliyemwajiri, na kile anachojifanyia mwenyewe ni kuhangaika tu, jambo la kufichwa mbele ya wageni. Tumeibeba aibu hiyo ndogo mpaka huku, na huku inatugharimu uzee wetu.

Mama Mmari hakuhubiri. Alibadilisha swali. Aliacha kuuliza kazi, akawa anauliza, "Jumamosi unakuwa wapi?"

Aliyemfanya alibuni swali hilo ni Telesphor, mfanyakazi wa ghala kule Hayes, ambaye ameturuhusu kumtaja kwa sharti kwamba tuseme pilau lake ni zuri. Ni zuri. Alikuja akilalamika kuwa ghala limempunguzia shifti na miaka yake ya pensheni imesimama. Alihojiwa saa nzima bila kutaja shughuli nyingine yoyote. Alipoinuka kuondoka, Mama akamuuliza kwa mazoea kama Jumamosi watamwona kwenye harusi fulani. Akajibu kwamba lazima, yeye ndiye mpishi.

"Mpishi wa hiyo harusi tu?"

"Wa zote, Mama. Lakini ile siyo kazi. Ile ni kusaidia watu."

"Na hao watu wanakulipa au wanakushukuru?"

"Vyote viwili."

"Kaa chini, Telesphor."

Alikaa. Kumbe alikuwa mfanyabiashara aliyesajiliwa, anayepeleka hesabu zake kila mwaka, ila faida yake ilikuwa ndogo mno, haikufikia alama. Na kwa mtu wa namna hiyo sheria imeacha dirisha: aliyejiajiri akipata faida ndogo anaweza kulipa mchango kwa hiari, kwa kiwango cha chini sana, na mwaka wake ukahesabika. Aliyeajiriwa tu hana dirisha hilo. Akitaka kuziba pengo, hulipa kiwango kingine ambacho ni kikubwa mara kadhaa. Jumamosi ya Telesphor ndiyo iliyookoa Jumatatu mpaka Ijumaa yake.

Tangu hapo kila anayeketi mbele yetu huulizwa swali hilo, na vituo vingine vinne vya kaskazini-magharibi mwa London vimelichukua. Wamepatikana mafundi cherehani, madereva, walimu wa Kurani wanaolipwa na wazazi, na shemasi mmoja anayetengeneza kompyuta. Swali hilo halikuwafaa wenye kipato kidogo peke yao. Mfamasia mmoja mwenye ajira nzuri na ushauri wake binafsi alikuwa akikatwa kote kuwili mpaka akapita kiwango cha juu kabisa cha mwaka, asijue kuwa kiwango hicho kipo. Mama Mmari alimwandikia hoja, akarudishiwa kilichozidi. Mfamasia huyo alituletea keki yenye umbo la ndoo.

Sasa tufike mwaka jana. Serikali ilikuwa imetoa nafasi ya pekee ya kuziba mapengo ya zamani, hadi ya mwaka 2006, na nafasi hiyo ilikuwa inafungwa tarehe 5 Aprili 2025. Mwezi Machi foleni yetu ilishuka ngazi, ikapita jalebi, ikafika kituo cha basi. Bwana Alnashir aliwagawia watu chai huku akilalamika kwamba hawanunui kitu. Katikati ya vurugu hiyo alipanda mara tatu kumuuliza Mama atastaafu lini ili bodi itangaze nafasi. Mara zote tatu Mama alikumbuka simu aliyotakiwa kupiga.

Aliyeelewa ni Dinah Gakii, mpokeaji wageni wetu, Mmeru asiyejua kunong'ona. Dinah alikumbuka jambo ambalo sisi wengine tulikuwa hatulijui. Ruzuku zilipokatwa mwaka 2011, Mama Mmari alikubali kulipwa siku moja tu kwa wiki ili nafasi ya Dinah isifutwe. Siku nyingine nne alikuja bure, akatuambia ameomba mwenyewe kupunguziwa kazi za makaratasi. Hali hiyo ilidumu mpaka 2018. Mshahara wa siku moja haukufikia alama. Miaka saba ya kazi, na kwenye rekodi yake ya pensheni miaka hiyo saba ni mashimo. Mama aliyaona zamani. Alipiga hesabu ya kuyaziba kwa kile kiwango kikubwa cha mwajiriwa, akaona hawezi, akafunga mdomo na kuendelea kuwazibia wengine.

Siku hiyo Dinah aliacha simu ikilia, akasimama mbele ya meza ya Mama, mteja akiwa bado ameketi.

"Mama, na wewe Jumamosi unakuwanga wapi?"

Mama alicheka. Akasema kila mtu anajua Jumamosi yuko kliniki, anawakalimania kina mama wajawazito.

"Wanakulipa ama wanakushukuru?"

Tuliokuwepo tuliiona sura yake ikibadilika. Alikuwa amesajiliwa kama mkalimani wa kujitegemea tangu 2009, kwa sababu kliniki iliidai namba yake ya kodi. Kila Januari alipeleka hesabu zake, faida ndogo, chini ya alama. Kwa miaka yote hiyo yeye naye alikuwa amejiajiri, na dirisha la bei nafuu lilikuwa wazi mbele yake. Hakuwa amelisahau. Hakuwahi kudhani ni lake, kwa sababu ile haikuwa kazi. Ilikuwa kusaidia watu.

"Dinah," alisema, "nyamaza kwanza." Kisha akamgeukia mteja, akamwomba radhi, na mteja, bibi mmoja wa Edgware Road, akamjibu, "Mwanangu, piga simu. Mimi nitakushikia nafasi."

Simu ilipigwa mchana huo, na ombi likapokelewa kabla ya dirisha kufungwa. Yaliyofuata yalikuwa majuma ya kungoja, ambayo Mama aliyatumia kutueleza kuwa hana wasiwasi, kila siku, bila kuulizwa. Jibu lilikuja mwezi Juni. Miaka yote saba ilikubaliwa kwa kile kiwango cha chini. Dinah alipiga vigelegele mpaka wateja wa chini wakapanda kuuliza nani ameolewa, na Bwana Alnashir, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, aligawa jalebi bila kusema bei yake. Jioni hiyo Mama Mmari alimpa tarehe ya kustaafu kabla hajaulizwa.

Bodi imetutaka tutaje mafanikio yake. Haya ndiyo: mamia ya watu watazeeka wakiwa na kipato kwa sababu mtu mmoja alikataa kuamini kwamba wiki ina siku tano. Na ushindi wa mwisho tumempa sisi, kwa chombo alichotufundisha kukishika. Hatujawahi kujivunia kazi yetu kama mwezi ule wa Juni.

Mama, tunakushukuru kwa siku ulizolipwa, na zaidi kwa zile ambazo hukulipwa. Umetuambia unakwenda kujifunza kuogelea, na kwamba darasa la wanaoanza ni wikendi. Basi tunakutakia afya, pumzi ndefu na maji yenye uvuguvugu. Na Jumamosi ya tarehe 11 Aprili, Dinah atakupigia simu kukuuliza uko wapi. Usipokee. Tutajua uko bwawani.