Hoho za Marehemu Nimo

Mwaka ule wa hamsini na mbili, nje ya duka la Salat pale Garissa, palikuwa na benchi la mbao, birika la kahawa ya tangawizi, na wanaume wasioshindwa na swali lolote duniani. Asubuhi hiyo Ogle, mchuuzi wa mbuzi, alifika hana raha hata kidogo. Mkewe Nimo alikuwa amefariki kabla ya Ramadhani, akamwachia miche mitano ya pilipili hoho uani. Miwili ilikwisha kukauka. Mitatu ilikuwa ikitoa maua na kuyaangusha, wala hapakuwa na mbegu hata moja iliyowekwa akiba.

— Leo tena nimeokota maua chini, — alisema Ogle. — Hii ikikufa, mkono wa Nimo umeisha nyumbani kwangu.

— Unaipa maji lini? — aliuliza Duale, aliyeitwa Mkalimani kwa sababu aliwahi kutafsiri kesi moja.

— Kila siku ya tano. Kama ngamia.

— Sawasawa! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Peleka mpaka siku ya saba, izoee kiangazi.

Mursal, aliyeitwa Daktari kwa kufagia zahanati miaka miwili, alitikisa kichwa.

— Maji si shida, walaal, ndugu yangu. Shida ni mbolea. Ulitia ngapi?

— Gunia moja ya samadi ya mbuzi. Mbichi, ya zizini.

— Moja tu? Haba na haba hujaza kibaba. Tia tatu.

— Lakini imekuwa majani tupu, Daktari.

— Majani ndiyo afya!

— Hapana, hiyo ni jicho, wallahi, — alidakia Duale. — Watu walisifu sana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fukiza ubani, halafu piga chapa ya moto ya ukoo wenu, kama ngamia.

— Chapa? Shina lenyewe kama kidole!

— Chapa ndogo.

Benchi zima lilicheka. Ogle naye alijaribu kucheka, akaacha. Enzi za Nimo alikuwa akizileta hoho hapa kikapu kizima, akizigawa kwa majivuno kana kwamba amezilima yeye.

Mwisho wa benchi alikaa Nunow, mchunga ngamia kutoka Hulugho, mgeni aliyekuwa bado na kikombe chake cha kwanza.

— Samahani, wazee. Huyo mama, Allah amrehemu, yeye alikuwa anafanya namna gani?

Duale alimtazama Mursal. Mursal alimtazama Ogle. Miaka tisa Ogle alizila hoho zile na nyama, akamwomba mkewe azidishe. Nimo alizihudumia kila siku baada ya swala ya alfajiri, saa ambayo mumewe alikuwa akivaa viatu aje kunywa kahawa.

— Sijui, — alisema Ogle, na machozi yakamtoka mbele ya wenzake. — Siku moja aliniita nikaone. Nikamwambia, kesho.