Punje za Watu wa Marui

Baba Paroko, Jumbe Mwishehe, wazee wetu, shikamooni, nanyi nyote mliotoka Msimbu, Ruvu na Kibaha kuja kutushika mkono, familia imeagiza haya yasomwe mbele ya jeneza la mpendwa wetu Damiani Kasiani Shomari, na kwa kuwa mwenyewe hakupenda mtu asifiwe kupita kiasi, tutasema yaliyokuwa.

Marehemu alizaliwa hapa Marui tarehe 27 Septemba 1914, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Kasiani Shomari, mkulima wa mpunga na mihogo, na Mama Filomena. Alianza shule ya misheni Januari 1924, akamaliza darasa la sita mwaka 1930, na walimu wake waliandika kwamba mwandiko wake ni mzuri ila maswali yake ni mengi mno, jambo ambalo sisi tulioishi naye tunalithibitisha.

Mwaka 1931 aliajiriwa Ruvu kuwa mshika mnyororo wa wapima ardhi, kazi ya kuburuta chuma vichakani tangu asubuhi hadi jioni, na huko ndiko alikojifunza kuchora ramani kwa kuchungulia begani mwa wakubwa, hadi wakachoka kumfukuza, wakampa kalamu. Tarehe 8 Oktoba 1938 alifunga ndoa na Genoveva binti Isidori wa Ruvu, na mwaka 1940 akapata ukarani katika boma la Kisarawe.

Mwaka 1949 boma lilitaka kujenga zahanati moja, ama Marui ama Msimbu, penye watu wengi zaidi, na marehemu akapewa kazi ya kuhesabu. Mnajua kwetu mtu hahesabiwi kwa kidole kama kuku, maana ni kumwitia mkosi, na makarani waliotangulia walikuwa wakikuta nyumba tupu na moto unawaka jikoni. Yeye alipita na vifuko vya kitambaa, akamwomba kila mama atie punje moja ya mahindi kwa kila mtu wa nyumba yake, bila kutazamwa wala kutaja jina. Kisha akazimwaga punje hizo sakafuni ofisini, kijiji kando ya kijiji kama walivyo majirani, akazitandaza pasiwe na punje juu ya nyingine, akazungushia chaki, na mchoro ule akaunakili kwenye karatasi, ukubwa wa kijiji ukawa wingi wa watu wake, si wa ardhi yake.

Ramani ile iliwachekesha wengi, kwa sababu shamba la mkonge lililojaza kiganja kizima kwenye ramani ya boma lilisinyaa likawa ukucha, na Marui yetu ikavimba hadi Jumbe Mwishehe akasema kijiji chake kimeshiba bila kula. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, aliweka kidole juu ya Marui, kwamba zahanati ije kwetu, na hapa tukacheza ngoma siku mbili.

Ila kifuko cha nyumba yake marehemu alikihesabu mwisho, baada ya ngoma, akakuta punje sita kwa nyumba ya watu watano. Alipomuuliza mkewe, Bi. Genoveva alimjibu kwamba ya sita ni ya Ursula, binti yao aliyefariki kwa surua miaka miwili nyuma, kwani tangu lini mama akaulizwa wanawe akapunguza mmoja. Marehemu alirudi nyumba kwa nyumba, akaona kwamba kina mama wengi wa Marui walifanya vivyo hivyo, punje mia na themanini na saba, na wa Msimbu wachache tu, na akaziondoa zote, akianza na ya Ursula. Marui ilinywea ikawa ndogo kuliko Msimbu, na zahanati ikajengwa Msimbu.

Hatutaficha kwamba maneno yalikuwa makali, wapo walioacha kuitikia salamu yake, na Bi. Genoveva alimwambia kwamba amemzika mtoto mara mbili, akarudi kwao Ruvu miezi minane. Marehemu kila Jumapili baada ya misa alikwenda vijijini kuuliza juu ya watoto waliofariki, akatimuliwa, kwa kuwa mama hamfungulii tena moyo karani aliyemwondolea punje. Bi. Genoveva alipopata habari hizo alirudi, akachukua vifuko, akaingia majumbani yeye mwenyewe, na mumewe akabaki kusubiri uani. Ndipo ikachorwa ramani ya pili, ya watoto waliokufa, na katika hiyo Marui ilikuwa kubwa kuliko vijiji vyote. Aliipeleka bomani mara saba, hata alipohamishiwa Kibaha mwaka 1953 kuwa karani wa baraza, na zahanati ya hapa ilifunguliwa tarehe 4 Juni 1956.

Kifua kilimwanza mwaka 1955, akalazwa hospitalini Dar es Salaam Septemba mwaka huu, akafariki Alhamisi tarehe 14 Novemba 1957, saa tano asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, makarani wenzake wa Kisarawe na Kibaha waliobeba jeneza hadi hapa, na majirani wa Marui, pamoja na wale waliomnunia, ambao jana walikuwa wa kwanza kushika majembe kuchimba kaburi.

Habari za watoto tumeziweka mwisho kwa ombi la mjane. Siku marehemu alipolazwa, muuguzi alimuuliza ana watoto wangapi, naye, mtu aliyekataa kuzidisha punje moja hata kijiji kizima kimchukie, akajibu wapo watano, akawataja taratibu, Kasiani, Ursula, Isidori, Tatu na Sikuzani aliyezaliwa baada ya ile hesabu, na muuguzi akaandika hivyo hivyo. Bi. Genoveva, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda, alilia sana, kisha akamlisha uji.

Damiani, baba wa watoto watano, pumzika kwa amani.