Bi Dorosela Anastaafu na Sauti Yake

Bi Dorosela Mgaya anastaafu leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2003, baada ya kukitumikia Kiwanda cha Mbao na Nguzo Tujitume, hapa Makambako, kwa miaka thelathini na miezi minne. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1973 akiwa binti wa miaka ishirini na mitano, na aliajiriwa kwa kazi moja tu, ya simu. Mameneja saba wamepita. Kiwanda kimetoka mikononi mwa serikali kikaenda kwa mwekezaji, na mwaka tisini na sita nusu ya wenzetu walipunguzwa kazini. Yeye hakuguswa, maana hata mwekezaji aliambiwa mapema kwamba ukimwondoa Dorosela hutampata mtu yeyote kwenye simu.

Kamati ya sherehe ilimpa karatasi aandike zawadi anayoitaka: godoro, mabati au cherehani. Aliandika mstari mmoja, kwamba anataka sauti yake itolewe kwenye mashine ya simu kabla yeye hajatoka getini. Katibu wa kamati alidhani ni utani, akamrudishia karatasi. Ikarudi vile vile, safari hii na sahihi yake chini. Mimi, Zaitun wa Utumishi, ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu, na kwa kuwa nina mkono wangu katika jambo hilo, itabidi nilieleze tangu mwanzo.

Vijana mliokuja juzi hamkuiona swichibodi ya zamani. Ilikuwa kabati la mbao lenye matundu na nyaya, na Bi Dorosela alikaa mbele yake amevaa visikizio kichwani, akichomoa huku na kuchomeka kule. Ukipiga kutoka Njombe au Dar es Salaam, aliyekupokea ni yeye: "Kamwene, Tujitume hapa." Mbena au Mpare, tajiri wa malori au mkulima wa miti, wote walisalimiwa kwa Kibena kwanza, na wageni waliitikia hivyo hivyo hata kama hawakujua wanaitikia nini.

Alisikia yote. Tusidanganyane, kazi ile ilikuwa ya kusikia. Alijua nani ana mchumba Njombe na nani anadanganya kwamba anaumwa. Lakini alikuwa na adabu yake aliyojitungia: kila alipoingia kwenye laini ya watu alikohoa kidogo, kikohozi kimoja, ili mjue yupo. Akitoka mlisikia waya unachomoka. Kwa miaka ishirini na mitano halikusikika neno lililotoka kwenye nyaya zile likatembea kiwandani, na mnajua wenyewe kiwanda chetu kinavyopenda maneno.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo lilitutia hofu. Taarifa ya msiba ilipokuja kwa simu, Bi Dorosela hakukuunganisha ukiwa peke yako. Alimtuma Ema wa jikoni akuletee chai ambayo hukuiagiza, na Ema aliambiwa akae nawe mpaka simu ilie. Watu wakagundua. Dereva wetu Mudy aliwahi kumwona Ema anakuja na kikombe, akaruka dirisha la stoo na kukimbilia uwanja wa magogo. Ilibidi atafutwe saa nzima aambiwe kwamba ilikuwa chai tu, iliyobaki kwenye kikao. Tulimcheka sana, ingawa kila mmoja wetu angeruka.

Mwezi Agosti 1998 ndipo ilipokuja mashine. Sanduku la rangi ya maziwa, dogo kuliko redio, likapachikwa ukutani, na kabati la nyaya likaenda kuwa kuni. Fundi kutoka Dar alisema mashine itapokea simu yenyewe, ila inahitaji sauti ya mtu, na wote tulimtaja yule yule. Alifungiwa siku mbili kwenye chumba cha mikutano, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, akasoma maneno mbele ya kinasa sauti: namba, siku za wiki, majina ya wafanyakazi wote sitini na wawili, tafadhali subiri, yupo kwenye mkutano, hayupo mezani. Hilo la mwisho alirudishwa mara kumi na moja. Fundi alidai analisema kwa huzuni, na kampuni inataka lisemwe kwa furaha.

Mimi ndiye niliyempelekea karatasi ya kutia sahihi, kurasa nne za Kiingereza. Aliniuliza, mwanangu, hii inasemaje? Nikamjibu ni karatasi ya kawaida tu ya ofisi. Sikuwa nimeisoma.

Yeye alihamishiwa mapokezi, kupokea wageni na barua. Kuanzia hapo Makambako ilikuwa na Dorosela wawili. Wakulima wa Matamba waliopiga simu waliiamkia mashine shikamoo, wakaiuliza habari za watoto, wakakasirika ilipowaambia wabonyeze mbili. Siku moja Bi Dorosela aliamka na malaria, akaenda kwenye simu ya jirani kuomba ruhusa. Akapokelewa na yeye mwenyewe, kwa uchangamfu wote, akaambiwa asubiri. Alisubiri dakika sita akijisikiliza, kisha akaweka simu chini na kuja kazini na homa yake.

Mwaka 2000 aling'olewa meno matatu ya mbele na sauti yake ikabadilika, kama inavyobadilika ya mtu yeyote. Ile ya ukutani haikubadilika. Wageni wakifika mapokezi walimsikiliza, wakamtazama, halafu wakamwuliza kama yeye ni mama yake yule dada wa kwenye simu. Mwanzoni alicheka. Baadaye akaacha kucheka, akaanza kuongea kwa sauti ya chini, na mambo mengine akawa anayajibu kwa kichwa. Ema alikuwa akisema mashine ile inamla kidogo kidogo. Tulimwambia Ema aache ushirikina, lakini tulimwambia bila kumtazama usoni.

Na mashine haikuwa inakohoa. Kila Jumatatu ilitoa orodha ndefu na kuipeleka mezani kwa Meneja, Bwana Bonaventura: nani kampigia nani, saa ngapi, dakika ngapi. Meneja hakuwa mtu mbaya, na si mbaya hata leo, lakini karatasi ikiwekwa mbele yako utaisoma. Siku moja alimwita Anania wa karakana akamwuliza kwa upole kama nyumbani kuna tatizo, maana anampigia mkewe mara nne kwa siku. Tatizo lilikuwepo, na Anania hakuwa amemwambia mtu. Tangu siku hiyo ukipita karakana utaona watu wanaongea huku wameipa simu mgongo, hata ikiwa imekaa tu mezani.

Sasa nifike kwa Efraimu. Efraimu alikuwa mpimaji wetu wa nguzo, namba ya ndani 27, kijana wa Ipelele mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Alifariki Aprili 2001 kwa homa ya uti wa mgongo. Mama yake, Mama Dafroza, alikuwa akiishi mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, kwa binti yake. Bi Dorosela hakukubali mama yule apewe habari kwa simu. Alipanda basi mwenyewe, akamweleza ana kwa ana, akakaa naye siku nne, akamsindikiza hadi Ipelele kuzika.

Januari mwaka huu orodha ya Jumatatu ilionyesha jambo la ajabu. Namba 27, ambayo haina mtu, ilikuwa ikipigiwa kila Ijumaa saa nne asubuhi kutoka Njombe. Tulipohesabu nyuma tukakuta mara hamsini na nane. Meneja alihisi kuna mtu anatumia namba ya marehemu kuuza siri za zabuni kwa washindani. Tukaitwa watu saba ofisini kwake, mlango ukafungwa, akafungua ujumbe uliohifadhiwa kwenye mashine, kwa spika.

Kwanza, kama kabla ya kila ujumbe, alisema Bi Dorosela wa mashine, kwa furaha, kama fundi alivyotaka: Efraimu. Hayupo mezani. Tafadhali piga tena baadaye, au acha ujumbe. Halafu mlio. Halafu Mama Dafroza akamsalimia mwanawe kwa Kikinga, akamwambia kwa Kiswahili kwamba koti lake la mvua bado liko ofisini, alichukue, mvua zimeanza. Ujumbe wa pili ulikuwa wa viazi vilivyoungua kwa baridi. Katika wa tatu alimwuliza kama anakula. Wa nne hakusema neno, tulisikia tu anavyopumua, na kwa nyuma mwenye duka akimhudumia mteja. Kwenye wa tano Meneja alizima. Watu saba tulikuwa tumekaa tukisikiliza mama anaongea na mwanawe, na hakuna aliyekuwa amekohoa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu.

Tulipofungua mlango, Bi Dorosela alikuwa amesimama nje. Ofisi ya Meneja inatazamana na mapokezi. Alikuwa amejisikia mara tano akisema uongo ule.

Jumamosi yake tulikwenda Ramadhani, yeye na mimi. Mama Dafroza alitupokea vizuri, wala hakuwa amechanganyikiwa. Alisema anajua alizika, kaburi ameliona. Alipiga mara ya kwanza kwa ajili ya lile koti. Lakini ni Dorosela aliyemletea habari ya kufiwa na akamwamini, na ni Dorosela huyo huyo aliyemwambia kwenye simu kwamba kijana hayupo mezani, apige baadaye. Akaona pengine Dorosela alikosea ile mara ya kwanza. Kama ingekuwa sauti nyingine, alisema, asingepiga tena. Bi Dorosela alimpigia magoti mama yule pale pale sakafuni. 

Jina la Efraimu lilifutwa siku iliyofuata ya kazi. Lakini Bi Dorosela alitaka sauti yote itoke, na hapo ndipo nilipozisoma zile kurasa nne, kwa mara ya kwanza, karibu miaka mitano baada ya kumpa asaini. Ukurasa wa tatu unasema sauti iliyorekodiwa ni mali ya kampuni kwa muda wote, awe kazini, awe amestaafu, awe hai au amekufa. Nilimtafsiria neno kwa neno. Aliniuliza kama akifa itaendelea kuwaambia watu wasubiri. Nikasema ndiyo, mama, itaendelea.

Meneja Bonaventura aliandika kwa wenye mali, na aliandika vizuri, nimeiona barua. Jibu lilikuja mwezi Mei: sauti inaweza kuondolewa iwapo atapatikana mfanyakazi mwingine wa kusoma maneno na kusaini karatasi ile ile. Tangazo lilikaa ubaoni wiki tatu. Lulu wa mauzo, mwenye sauti nzuri kuliko wote, alikuja kazini na skafu shingoni siku zote hizo akidai koo linamsumbua. Rejoice alisema mwalimu wa kwaya amemkataza. Halfan wa usafirishaji alisema sauti yake inatisha watoto, na hilo ni kweli. Siwalaumu. Na mimi nilipita mbele ya ubao ule wiki tatu nikijifanya nina haraka.

Alhamisi iliyopita nilisaini. Safari hii nilisoma kila mstari, tena mara mbili. Nimewasomea namba na siku zote za wiki. Majina ya watu nimekataa kuyasoma, na lile neno hayupo nimelikataa pia, na Meneja ameridhia. Kuanzia kesho anayepiga atatajiwa namba tu. Usiku wa Alhamisi mume wangu aliniita mara mbili kabla sijaitika. Nilikuwa najisikiliza nikipumua.

Juzi Jumamosi, saa tano na dakika ishirini asubuhi, fundi alifuta. Bi Dorosela alikuwepo, amekaa kwenye kiti chake cha mapokezi na mikono mapajani. Fundi alimwuliza kama angependa kujisikia mara ya mwisho, akatikisa kichwa kukataa. Mashine ilikaa kimya kama dakika mbili hivi. Simu ikalia ndani ya kimya kile, na Bi Dorosela akanyanyua mkono wa simu akaipokea kwa sauti yake ya leo, yenye mapengo yake. Alikuwa ni mtu wa Mufindi anaulizia nguzo. Waliongea robo saa nzima, kuanzia hali ya hewa hadi wajukuu, na sisi tulisimama pale tukimsikiliza bila haya.

Nawaomba jambo moja, wafanyakazi wenzangu. Waambieni wazazi wenu, wake zenu na waume zenu kwamba sauti watakayoisikia kesho si Zaitun. Haijui aliye hai wala aliyekufa. Mwenye shida ya kweli aje mwenyewe getini, nitatoka.

Bi Dorosela, Tujitume inakushukuru kwa miaka thelathini, kwa uaminifu na kwa chai zote zile. Kwa niaba yangu mwenyewe ninakuomba msamaha kwa karatasi ile, mbele ya wote. Mimi ndiye niliyebaki humo mashineni. Wewe unakwenda kupumzika Mtwango na kila neno lako, hakuna lililobaki ukutani. Tunakutakia maisha marefu, na wasikilizaji unaowaona kwa macho.