Meza ya Bi Nionyeshe

Wewe uliyeshika karatasi hii, nakusihi uifunike anapopita mtu. Yaliyomo yasimfikie mstaafu kabla ya Ijumaa, wala yasimfikie meneja kabla ya Alhamisi. Sababu nitaieleza. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wa mstaafu kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi, na wasifu wenyewe ndio huu. Ila nakala yako ina mambo ambayo hayatakuwamo katika ile itakayosomwa ukumbini.

Mfasiri wetu mkuu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha uchapaji kwa miaka thelathini na mmoja. Tunamwita Bi Nionyeshe, naye anaitika. Ukifungua boksi la pasi, la cherehani au la dawa ya macho, ukakuta karatasi ya maelezo iliyochapwa hapa kwetu, basi maneno yake ya Kiswahili yamepita mikononi mwake.

Aliajiriwa kama mpiga taipu. Wanaomkumbuka wakati huo wanasema alikuwa mwepesi wa vidole na mzito wa kukubali: akiona sentensi haieleweki, haipigi. Msimamizi wake alichoka kubishana naye, akamhamishia chumba cha ufasiri ili akabishane na Kiingereza. Huko akaikuta meza ya mbao isiyo ya mtu yeyote, imewekwa katikati ya chumba, watu wanaegesha miavuli na vikombe. Akaifuta, na ikawa ndiyo meza yake ya kazi.

Utaratibu wake nyote mnaujua, lakini wageni watakaosoma jarida hawaujui. Kiingereza kina vitenzi vya maneno mawili, vidogo kwa umbo, vinavyobeba kazi nyingi. Kilichomsumbua kuliko vyote ni “take off”. Mtu mwenye haraka huandika “ondoa”, akaenda zake kunywa chai. Bi Nionyeshe hakubali. Hukileta kitu chenyewe mezani, humwita yeyote aliye karibu na kumwambia, “Nionyeshe, mwanangu.” Aliyeitwa hutenda kwa mikono, na waliosimama hutaja kitenzi kinachowajia mdomoni kabla hawajaanza kufikiri. Kinachotajwa na wengi ndicho kinachokwenda mtamboni.

Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba pale ambapo Mwingereza ana kitenzi kimoja, sisi tuna ukoo mzima. Koti tunalivua, sufuria tunaiepua, stempu tunaibandua, ganda tunaliambua, picha ya ukutani tunaitungua. Ndege inapaa. Biashara inashamiri. Bei inapunguzwa. Mfanyakazi aliyechoka anachukua likizo, na mwizi aliyeshtuliwa anatimka.

Kelele za meza hiyo zilikuwa burudani yetu. Mhasibu alishikilia siku nzima kwamba neno la kweli ni “punguza”, mpaka mpiga chapa akamwambia, “Wewe bwana, hata shati ukivua unapunguza.” Mhasibu akajibu kwamba kwa mshahara anaolipwa mpiga chapa, hana shati la pili la kumfanya azungumzie mambo ya kuvua. Bi Nionyeshe aliwaacha wachoke, kisha akawauliza kama sasa wanaweza kuendelea na kazi.

Siku nyingine kitenzi hichohicho kilikuja kwa maana ya kumwiga mtu. Dereva akaombwa aonyeshe. Akainua mabega, akasukuma tumbo mbele, akatembea kuizunguka meza kama meneja anavyotembea anapotafuta aliyechelewa. Kicheko kilikatika ghafla kwa sababu meneja alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama dereva, akasema, “Mabega yangu hayako hivyo,” akaondoka. Bi Nionyeshe akaandika “kuiga” na kugeuza ukurasa.

Kazi tunayojivunia zaidi ni ile ya sufuria ya presha. Maelezo ya Kiingereza yalisema kwamba ikipiga filimbi, “take it off”. Rasimu ya kwanza, iliyoandikwa na mtu ambaye ameshahama, ilimwagiza mpishi afungue kifuniko mara asikiapo filimbi. Lori lilikuwa mlangoni na mteja yuko mapokezini. Meneja akasema, “Bibi, ni neno moja tu.” Bi Nionyeshe akawasha jiko la umeme juu ya meza, akaibandika sufuria, ikapiga filimbi, akamwambia meneja, “Haya baba, nionyeshe. Fungua.” Meneja akarudi nyuma hatua mbili. Fundi wa mashine ya kukata karatasi ndiye aliyeiepua, mvuke ukatoka taratibu, na baadaye kifuniko kikafunguka kwa amani. Lori lilisubiri mpaka “iepue” ilipochapwa. Kuna nyumba nyingi ambazo hazitajua kamwe kwamba zina deni la shukrani kwa mama huyu, na yeye anapenda ibaki hivyo.

Nyumbani anasubiriwa na mumewe, fundi wa saa, anayelalamika kwamba kwa miaka yote hii hajaweza kumwambia mkewe kitu bila kutakiwa akionyeshe. Anasubiriwa pia na mjukuu anayejifunza kuongea. Tunamhurumia mtoto huyo, na tunamwonea wivu.

Sasa niseme kilichonifanya nikuombe siri. Meneja anataka kuiondoa meza mara mstaafu akishatoka, mahali pake pawekwe mashine ya kubandika lebo. Si mtu mbaya. Alituambia mimi na mpiga chapa, “Meza ni ya Bibi. Akishaondoka, nyinyi mtafungua kamusi na kuandika ‘ondoa’. Lakini nikiwakuta mmeizunguka bila yeye, nitaiacha.” Hajui kama tunaweza. Nikisema kweli, hata mimi sijui, na chumba hicho cha ufasiri ndicho nitakachoachiwa.

Alhamisi asubuhi Bi Nionyeshe atakwenda kufuatilia mafao yake. Siku hiyohiyo tuna maelezo ya bandeji za zahanati, yenye “take off” tatu: kitambaa cha nje kilichozungushwa, pamba iliyogandia kidondani, na plastiki nyembamba ya juu. Mgonjwa akiambiwa “ondoa” zote tatu, atang'oa na ngozi. Hapo ndipo tutakapoizunguka meza wenyewe, bila Bibi, meneja atukute. Bi Nionyeshe akipata fununu ataacha mafao, atakuja mbio kutufanyia, na meneja atakuwa amesema kweli.

Tunakushukuru, mama yetu, kwa kutukataza haraka bila kututia aibu. Uende nyumbani salama, upumzike hasa, na siku zako zote ziwe za kupendeza.

Na wewe msomaji, ukikubali, njoo stoo ya karatasi nyuma ya mashine ya kukatia, saa ya chai, siku yoyote kati ya leo na Jumatano. Gonga kwa kidole kimoja. Nikiwa sipo, mwachie ujumbe fundi wa kukata, usimwachie dereva kwa sababu hana kifua. Tunahitaji mtu mwenye mikono yenye vinyweleo, avumilie kubanduliwa bandeji. Kwa simu ya ofisi usinipigie. Mpaka Ijumaa jioni bado anaipokea Bi Nionyeshe mwenyewe.